Makosa ya Kiingereza chetu, na mahali yanapotoka



Miaka michache iliyopita nilikuwa mgeni katika makao moja ya wakimbizi, upande wa kusini wa Uganda. Padri wa pale, mtu wa inchi ile, hakujua Kiswahili. Lakini wakristu wake wengi walikuwa watu wetu, waliokimbia vita ya Kivu. Aliniomba niketi karibu naye alipowauliza wachumba yale maswali yanayotangulia ndoa. Msichana mmoja wa kwetu akaingia. Alikuwa amesoma Kiingereza miaka miwili pale makaoni, akakataa nimsaidie: alitaka kujibu mwenyewe. Mambo yakaenda vizuri, hata padri akamwuliza: «Nobody forced you to marry this man?» Msichana akajibu kwa furaha: «Yes, Father.» Padri akaweka kalamu chini.

Sisi wote twajua msichana alitaka kusema nini. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa: «Hakuna mtu aliyekulazimisha?» hujibu: «Ndiyo», maana yake: ni kama ulivyosema, hakuna. «Ndiyo» yetu yakubali neno la yule anayeuliza. «Yes» ya Kiingereza haiangalii neno la mwulizaji, yaangalia jambo lenyewe: limetendeka, ao halikutendeka? Limetendeka: «yes». Halikutendeka: «no». Basi katika masikio ya padri yule msichana alisema: «Ndiyo, nimelazimishwa.» Na kila mtu aliyesoma sheria ya Kanisa anajua ya kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu ao kwa woga mkubwa utokao inje si ndoa, kanuni 1103 yasema wazi. Ilinipasa kuingia katikati na kueleza. Padri akauliza tena kwa namna ingine: «Did anyone force you?» Msichana akacheka: «No, Father. Nobody.»

Angalieni vema: msichana yule hakukosa neno hata moja. «Yes» ni neno la Kiingereza, na alilitamka vizuri. Kosa halikutoka katika ujinga. Lilitoka katika Kiswahili, alichonyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Aliuvika mwili wa Kiswahili nguo za Kiingereza. Na ginsi alivyofanya yeye kwa neno moja, ndivyo tunavyofanya sisi kwa barua nzima. Mwalimu akitia wino mwekundu kila mahali na kuandika «kosa», hajatusaidia sana. Afadhali tujue kosa limezaliwa wapi. Mimi naona kwamba makosa yetu karibu yote yana mama wawili, Kiswahili na Kifransa, na mara ingine nyanya yao Kilatini.

Wengine watauliza: Kiingereza ni kazi yetu? Zamani pengine hapana. Lakini inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Rwanda, iliyofundisha kwa Kifransa, iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mashuleni. Mapadri wetu wanatumwa Nairobi kwa masomo. Wakristu wetu wako Uganda, Tanzania, Zambia, hata Marekani, na makaratasi yao mengi ni ya Kiingereza. Mtu asiyeweza kuandika barua iliyo wazi katika lugha hii atawaumiza wale anaotaka kuwasaidia.

Kwanza tumalize jambo la «yes» na «no». Kwa mwenye kuuliza: usiulize swali lenye «not» ao «nobody» ndani yake, uliza jambo lenyewe. Kwa mwenye kujibu: usijibu neno moja tu, ongeza tendo: «No, I did not.» «Yes, I did.» Hata ukikosa neno la kwanza, la pili litakuokoa. Katika kiti cha maungamo jambo hili ni zito zaidi, kwa maana pale mara nyingi hapana mkalimani.

Sasa tuangalie kichwa na mkia. Katika Kiswahili, sehemu ya neno inayobadilika hukaa kichwani: mtu, watu, kitabu, vitabu, naenda, anaenda, wanaenda. Tangu utoto sikio letu limefundishwa kukesha pale neno linapoanza. Kiingereza chabadilisha mkia: «book, books», «I walk, he walks, yesterday he walked». Mtasema: Kifransa nacho kina mikia. Ndiyo, machoni, lakini masikioni mikia mingi imekufa. «Il parle» na «ils parlent», sauti ni moja. «Le livre» na «les livres», ni kineno cha mbele kinachotuambia kama ni kimoja ao vingi. Basi lugha zetu mbili zimetuzoeza kusikiliza mbele, na Kiingereza chaweka mambo nyuma. Ndiyo sababu tunasema «He go to the mission», «two catechist», «yesterday we pray together», na wala hatusikii kama kitu kinapunguka. Mwalimu anadhani ni uvivu. Si uvivu, ni sikio lililoketi kwenye mlango usio wake.

Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Nilipofundisha kundi dogo la mafratri, kila mmoja alisoma ukurasa mmoja kila siku na kugonga meza kwa kidole kila alipofika kwenye «s» ao «ed» ya mwisho. Kelele ilikuwa nyingi, jirani zetu wakalalamika. Lakini baada ya mwezi mmoja sikio lilikuwa limehama.

Kiisha kupona, wengine wanapata ugonjwa wa pili: wanatia mkia kila mahali. «He did not went.» «She can sings.» Hapa wakumbuke ya kwamba katika Kiingereza mzigo wa wakati hubebwa na mmoja tu. «Did» akiisha kuuchukua, mwenzake anatembea mikono mitupu: «He did not go.» Sisi tunasema «hakuenda» kwa neno moja, kwa hiyo hatukuzoea kugawanya kazi hii kati ya wawili.

Nije kwa «he» na «she». Kila mmoja wetu anajua kanuni hii tangu mwaka wa kwanza, na kila mmoja wetu anaianguka akisema upesi. Sababu ni ile «a» yetu: amekuja Yosefu, amekuja Maria, hakuna tofauti. Nilisikia mahubiri ya mwezi wa tano, mhubiri mwema kabisa, akisema: «Mary listened to the angel, and he answered.» Wasikilizaji wakaangaliana. Nani alijibu, Maria ao malaika? Kwa sisi hakuna shida, maana twajua Injili; lakini mtu asiyejua angeshika habari kwa upande wa chini.

Tena Kifransa kinakuja kuongeza giza. Kwa Kifransa tunasema «son fils» kwa mtoto wa Maria na kwa mtoto wa Yosefu pia, «sa femme», «sa maison». Kineno kinafwata kile kinachomilikiwa. Kiingereza kinafwata mwenye mali. Mwenye mali akiwa mwanaume, ni «his». Akiwa mwanamke, ni «her». Kitu chenyewe hakiulizwi neno. Basi anayeandika «Joseph took her wife» amefikiri juu ya mke, na anayeandika «Mary carried his son» amefikiri juu ya mtoto. Wote wawili wamekosa kwa sababu moja. Kabla ya kuandika kineno hiki rudi nyuma ukaulize: ni cha nani?

Ile silabi yetu ya kichwani inazaa kosa lingine. Kwa Kiswahili twasema «Ndugu yangu a-naumwa»: tumemtaja ndugu, na tendo lenyewe limemtaja tena. Kwa hiyo tunaandika «My brother he is sick». Vilevile «mtoto niliye-m-batiza»: yule «m» ndani ya tendo ni mtoto. Kwa hiyo tunaandika «the child whom I baptized him». Nimeona maneno ya namna hii hata katika barua ya kuthibitisha ubatizo. Kwa Kiingereza «whom» ameisha kukaa kwenye kiti cha mtoto. «Him» akija, anakuta kiti kina mtu. Andika: «the child whom I baptized».

Kwa mpango wa maneno nitakawia kidogo, kwa sababu hapa waseminari wana faida wasiyoijua. Mmejifunza Kilatini. «Episcopus presbyterum laudat», «presbyterum episcopus laudat»: geuzeni mnavyotaka, askofu ndiye anayesifu, padri ndiye anayesifiwa, kwa maana mkia «-um» unamlinda padri popote aendapo. Kiswahili nacho chaweza kugeuza: «Padri, askofu anamsifu.» Lakini katika Kiingereza padri hana alama yo yote mwilini mwake. «The bishop praises the priest.» Geuza, «The priest praises the bishop», umegeuza habari yenyewe. Kiingereza cha zamani sana, kabla ya mwaka 1066, kilikuwa na mikia mingi kama Kilatini. Katika karne zilizofwata ikaanguka karibu yote, na mahali pa neno pakachukua kazi ya mkia. Kwa hiyo Mwingereza anashika mpango wa maneno kwa ukali: mwenye tendo, kiisha tendo, kiisha kinachotendwa. Si tabia ya moyo mgumu. Akiuacha hana kingine cha kumwonyesha nani amefanya nini.

Ukifahamu hili, makosa mengi yanaanguka pamoja. Usiingize kitu kati ya tendo na kinachotendwa: si «I speak well English» kwa kufwata «je parle bien l'anglais», bali «I speak English well». Swali lenye kusimama peke yake lina mpango wake: «Where is the bishop?» Lakini likiingia ndani ya sentensi ingine, linarudi katika mpango wa kawaida: «I do not know where the bishop is.» Na «You want what?» ni «Unataka nini?» iliyovaa koti, sherti «What do you want?».

Sasa habari ya nyakati, na hapa ndipo sisi mapadri wenyewe tunapoanguka kuliko waseminari. Karibu kila padri wa kwetu anayeandika habari ya maisha yake kwa Kiingereza anaanza hivi: «I have been ordained in 2016.» Ni Kifransa kitupu: «j'ai été ordonné en 2016». Na Kiswahili hakitusaidii, kwa sababu twasema bila shida «nimepewa upadri mwaka 2016». Kwa Kiingereza, ukitaja mwaka ao siku iliyokwisha, umefunga mlango, na tendo lazima livae wakati uliokwisha: «I was ordained in 2016.»

Kinyume chake ni kosa kubwa zaidi. Jambo lililoanza zamani na likiendelea hata leo, sisi tunalisema kwa wakati wa sasa: «Mimi ni padri tangu miaka saba», «je suis prêtre depuis sept ans». Tunaandika basi «I am priest since seven years», na katika maneno sita kuna makosa matatu. Kiingereza kinataka daraja litokalo zamani na kufika leo: «I have been a priest for seven years.» Tena «since» yataka mahali pa kuanzia, «since 2016», «since Easter», «for» yataka urefu, «for seven years», «for two weeks».

Kama mnadhani haya ni mambo ya walimu tu, sikilizeni yaliyompata rafiki yangu mmoja. Shule yake ilikuwa imefika madirishani, pesa zimekwisha. Akawaandikia wafadhili wa ng'ambo: «We built the school since 2019», akaomba mabati. Alitaka kusema: tunajenga tangu 2019, hatujamaliza. Walivyosoma wao ni kwamba shule ilijengwa na kwisha. Jibu likarudi lenye pongezi nyingi, na swali la adabu: mabati ni ya nyumba gani? Alipaswa kuandika: «We have been building the school since 2019, and it has no roof yet.» Masomo ya mwaka mzima yaliendelea chini ya maturubai kabla barua zingine hazijasahihisha ile ya kwanza.

Jambo lingine dogo la nyakati: «nitakapofika» na «quand j'arriverai» zote mbili zinatazama mbele, nasi twaandika «When I will arrive, I will phone you». Baada ya «when» na «if» za namna hii, Kiingereza kinatosheka na wakati wa sasa: «When I arrive, I will phone you.»

Juu ya «a» na «the» siwezi kusema yote, na mtu anayeahidi kusema yote anawadanganya. Neno moja tu. Kiswahili, Kilatini na Kifransa zinapatana mara moja kuwa kinyume cha Kiingereza: «mimi ni padri», «sacerdos sum», «je suis prêtre». Zote tatu hazina kineno pale. Kiingereza chataka «I am a priest». Mahali pengine Kifransa kinatupa kineno kisichotakiwa: «la prière», «la nature», «le pape Léon». Msiandike «the prayer is necessary» mkitaka kusema juu ya sala kwa jumla, wala «the Pope Leo». Ni «prayer», na «Pope Leo». Lakini bila jina, «the Pope».

Maneno yanayofanana na ya Kifransa ni mtego mwingine. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa natafuta nafasi ya masomo, niliandikia mkuu mmoja wa ng'ambo: «I demand you to receive me.» Nilikuwa nafikiri «demander», kuomba kwa unyenyekevu. «Demand» ni kudai, kama mtu anayedai deni mlangoni. Alinijibu kwa upole, nafikiri alikuwa amekwisha kuona barua zingine kutoka kwetu. Andikeni «I ask» ao «I request». Vilevile «actually» si «actuellement», ni «kwa kweli». Kwa «sasa hivi» semeni «at present». «I ignore his name» si kwamba hulijui jina lake. Ni kwamba hutaki kulijali. «I assisted at the Mass» ni neno zito la vitabu vya kale. Leo «I attended Mass».

Cha kuchekesha zaidi ni majina ya kazi yetu wenyewe. Kwa Kifransa «curé» ndiye mkubwa wa parokia na «vicaire» ni msaidizi wake. Kwa Waanglikana wa Uingereza «vicar» ndiye mkubwa na «curate» ni msaidizi. Maneno yamepishana njiani kama watu wawili usiku. Na padri aliyejiita «the cure of this parish» amesema kwamba yeye ni dawa ya parokia. Pengine ni kweli, lakini wakristu ndio wangepaswa kulisema. Tumieni «parish priest» na «assistant priest».

Kisha ni urefu wa sentensi. Sisi tuliolelewa na Kilatini tunapenda sentensi inayopanda mlima, yenye «ambaye» tatu na nukta moja. Kitabu cha Misa cha Kiingereza kilichoanza kutumika mwaka 2011 kinafwata Kilatini karibu sana, na sala zake ni ndefu vilevile. Kwa altare ni vema, lakini msikitumie kuwa mfano wa barua ya kuomba mabati. Sentensi moja, jambo moja, nukta. Wengine, wakiogopa nukta, wanaunganisha sentensi tatu kwa mkato mtupu: «The road is bad, we walked, the children are tired.» Kiingereza hakipendi mkato ufanye kazi hii, ama nukta, ama neno la kuunganisha: «The road is bad, so we walked.» Na neno la kuunganisha liwe moja. Sisi twasema «ijapokuwa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja», na twaandika «Although he was sick, but he came». «Although» ameisha kufanya kazi; mpeni «but» ruhusa aende.

Mimi nafanya hivi kila niandikapo barua kwa Kiingereza. Naiacha ilale usiku mmoja. Asubuhi naisoma mara tatu kwa sauti, na kila mara natafuta kitu kimoja tu. Mara ya kwanza naangalia matendo: mkia upo? wakati ni ule? Mara ya pili naangalia «he», «she», «his», «her», na kila kimoja nakiuliza: wewe ni wa nani? Mara ya tatu natafuta nukta, na nikikuta mistari minne haina hata moja, naikata. Kiisha naandika tarehe, na kutia sahihi.